Alama Ambayo Damu Yako Haina

Nakivale, saa tisa za mchana

Riziki mwanangu,

Barua huanza kwa salamu, lakini salamu ni za watu walio mbali, na wewe bado uko hapa karibu, nakusikia. Uko kanisani na wamama wa kwaya wanakuombea safari, na sauti yako naitambua katikati ya zile zote kwa sababu wewe huimba mbele ya ngoma, hungoji ngoma ikuite. Kesho asubuhi basi litawachukua, wewe na mume wako Bahati na huyo mtoto wa miezi mitatu tumboni mwako, mwende Kampala, kisha mpande ndege kwenda nchi ambayo jina lake nimejifunza kulitamka juzi. Mimi na mdogo wako Amani tunabaki. Kesi yenu iko peke yake na yetu iko peke yake. Ndivyo walivyoamua wale wa ofisi ya wakimbizi, na sina wa kumgombeza.

Nimefunga saluni. Watu wanasema kinyozi amefunga kwa huzuni ya binti yake, na mimi nimewaacha waseme hivyo. Nimeketi kwenye kigoda na daftari la shule la Amani magotini, na nimekwisha kuchana kurasa nne.

Sitakuambia mambo ya sweta. Habari za baridi, za kutunza karatasi, za kutopotea uwanja wa ndege, mmefundishwa siku tatu kwenye lile darasa la safari, na Bahati ameandika kila kitu, hata namna ya kufungua choo cha ndege. Mimi nina jambo moja tu. Ninalo miaka kumi na moja, na linahusu damu yako na huyo mtoto. Unanijua: nikishika mashine ya kunyolea, mteja hapati nafasi ya kutaja hata jina lake. Nimesema siasa, nimesema mpira, nimesema bei ya mahindi, mpaka wakanibatiza Redio. Hili sikulisema kwa mtu yeyote.

Nianze na kidole chako.

Unakumbuka? Ulikuwa na miaka kumi. Tulikuwa Mbarara hospitalini, mama yako amelala ndani na hawakuturuhusu kumwona. Nilikushika mkono mpaka kwenye dirisha la maabara, mwanamke mwenye koti jeupe akakuchoma kidole, ukalia, ukaniuliza, "Baba, banatafuta nini?" Nikakujibu, "Malaria, mama." Kisha nikakununulia kabalagala mbili, zile chapati ndogo za ndizi, pale getini ukanyamaza, na kitambaa cha damu ulikishika mpaka jioni.

Hawakutafuta malaria. Walitafuta kundi la damu yako, na ni mimi niliyewaomba. Walikuta kwamba wewe ni O negatif, sawasawa na mama yako. Ukiacha kusoma hapa hapa kwa hasira, neno hilo ulichukue: O negatif.

Yule mwanamke wa maabara alikuwa Munyankore, mwenyeji wa kule, mkaaji wa Kakiika pale Mbarara. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini hakikunipoteza. Aliniambia, "Ssebo," yaani bwana, "sikiliza. Damu ya mutu iko na alama. Ingine iko na A, ingine B, ingine yote mbili, ingine hapana kabisa, hiyo tunaita O. Halafu iko alama ingine tena, jina yake D. Wewe uko nayo, ndiyo pozitif. Bibi yako hana."

Nikamwuliza kama kukosa alama ni ugonjwa.

"Hapana! Bibi yako hana ugonjwa kwa damu. Taabu ni siku damu yake inakutana na damu iko na hiyo alama."

Alama hizo waganga wa hospitali wanaziita antijeni. Ziko juu ya kila chembe nyekundu ya damu, na jicho haliwezi kuziona. Mwili usio na ile D, siku ukiiona, unasema hiki si changu. Unatengeneza vitu vidogo vya kuishika na kuivunja chembe ile, na hivyo vinaitwa kingamwili. Alinifananishia na mstari wetu wa chakula huku kambini, kwamba wale wa getini hawakuulizi kama una roho nzuri, wanatazama kadi. Nikaelewa mara moja. Nani wa Nakivale asingeelewa?

Mara ya kwanza mwili huwa mzito, unachukua majuma kuvitengeneza. Lakini ukishajifunza, hausahau. Kipimo kinaweza kisivione tena baada ya miaka, ukafikiri vimekwisha, kumbe siku chembe yenye D ikiingia tena vinarudi mbio na ni vingi kupita vya kwanza. Na D huingiaje kwa mwanamke? Ama ameongezewa damu isiyo yake, ama amebeba mimba ya mtoto aliyechukua alama ya baba yake. Siku ya kuzaa, au mimba inapotoka, damu kidogo ya mtoto humpitia mama. Huyo mtoto wa kwanza hapati kitu, amekwisha kutoka. Anayemfuata ndiye mwenye shida, maana kingamwili humfikia tumboni kupitia kondo la nyuma na kuivunja damu yake angali ndani.

Iko sindano, Riziki. Mama akichomwa ndani ya siku tatu, ile damu ya mtoto iliyompitia inaondolewa kabla mwili wake haujajifunza kitu. Zile siku tatu ndizo nilizoziharibu mimi.

Wewe ulizaliwa kule Kivu, kwa mkunga, bila tatizo. Huna alama, na mwili wa mama yako haukuona kigeni chochote kwako. Mwaka wa 1996 tulikimbia wewe ukiwa mgongoni. Amani alikuja miaka miwili baadaye, na kuja kwake kulikuwa vita: mama yako alishikwa na uchungu siku mbili, kliniki ya hapa ikashindwa, tukapelekwa Mbarara. Alizaliwa jioni, mkubwa, analia kwa hasira na kichwa kimerefuka kama papai. Nilicheka mpaka machozi. Asubuhi yake muuguzi akaja na karatasi. Alisema mama ni negatif, mtoto ni pozitif, sindano imeagizwa, itafika kesho mchana. "Hapana toka hapa mpaka mama amechomwa," alisema, tena kwangu, kwa kidole.

Saa ile ile akaja mtu wa kambini aliyekuwa amemleta mgonjwa wake. Akasema, Baba Riziki, bado uko huku? Kesho banahesabu batu.

Wewe umekua na kadi, hujui hofu ile. Kuhesabiwa maana yake kila mtu wa nyumba asimame mbele ya meza, waone sura yake, wamweke alama kwenye karatasi. Asiyeonekana anakatwa. Na sisi tulikuwa tumekwisha kukatwa mara moja, mwaka wa kwanza, kwa sababu nilikuwa Ngarama nikilima kibarua siku walipohesabu. Tulikula miezi minne kwa huruma ya majirani, na wewe ulivimba miguu. Hilo ndilo nililoliona mbele ya macho yangu pale hospitalini: miguu yako imevimba. Sitafuti kujitetea. Nakuambia tu nilichokiona.

Mama yako alisema, "Baba Riziki, tubakie. Ule mwanamuke amesema kesho."

"Kesho ndiyo banahesabu batu."

"Enda wewe. Umukamate Riziki kwa jirani, muhesabiwe nyie babili."

"Banataka kuona sura ya kila mutu, Mapendo. Utakatwa, na huyu mutoto atakatwa."

"Na sindano?"

"Sindano ya nini? Si umezaa muzuri? Mutoto si huyu?"

Alinitazama. Kisha akajifunga kitenge, maana mama yako hakuwa mtu wa kubishana mbele ya watu. Tulipanda lori lililokuwa linarudi tupu kutoka kuuza ndizi, tukapita Masha, na kwenye kila shimo la barabara alinishika shati. Hata siku moja haijatimia tangu ajifungue! Mimi nilikuwa namwimbia Amani.

Tulihesabiwa, watu wanne. Nilitembea na ile kadi mfukoni nikiwaonyesha wateja. Juma lililofuata mke wa jirani yetu, ambaye naye alikuwa amelazwa, akahesabiwa bila kuonekana, kwa karatasi ya munganga tu. Ilikuwepo nafasi ya wagonjwa, siku zote ilikuwepo. Ningeuliza ile meza, au ningemwuliza hata yule muuguzi aniandikie, ningepewa. Sikuuliza. Mtu anayesema kutwa, Riziki, huwa hana muda wa kuuliza.

Wale wawili waliofuata unawakumbuka. Wa kwanza wewe ulimpa jina, Faida, ukiwa na miaka sita, ukamchana nywele ambazo hakuwa nazo. Macho yake yalikuwa ya njano, na ngozi yake, na aliishi siku mbili. Wa pili alizaliwa amevimba na hakulia. Munganga wa kliniki ya hapa aliniita pembeni akaniuliza, "Baada ya yule kijana, mama alipata sindano?"

Nikasema ndiyo.

Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Ilinitoka kama vile mtu anavyojibu salamu. Mama yako alikuwa kitandani, hatua mbili tu, akasikia, akageuka akatazama ukuta. Munganga akaandika ndiyo yangu kwenye kitabu, akaanza kutafuta sababu nyingine, na kwa kuwa aliyoitafuta haikuwepo, hakuipata.

Hapo ndipo watu wakaanza maneno. Wakasema ni mkono wa mtu, kuna laana ya ukoo wa Mapendo imemfuata mpaka Uganda. Wamama wa maombi wakamchukua wakamfungia siku saba bila chakula, wakimwuliza ni shangazi gani aliyemtamkia neno baya. Siku saba! Na mimi nilijua. Sikujua kwa maneno haya ya antijeni, hayo nilikuja kuyapata baadaye, lakini sindano niliijua, na siku tatu nilizijua, na lori nililijua. Nilisimama nje ya kile chumba nikisema Amina pamoja na wengine.

Alitoka amekonda, ametulia, na hakunitaja. Kinywa chake hakikunitaja hata kwa dada zake. Siku moja tu, akimenya mihogo, aliniambia bila kuinua macho, "Mimi sina neno na wewe. Lakini usinipeleke tena kule." Sikumpeleka tena. Hiyo ndiyo toba yote niliyoifanya akiwa hai, na nikiikumbuka nasikia aibu mpaka masikioni.

Mwaka wa 2004 mimba ilimharibikia ya miezi saba, damu ikamtoka usiku kucha na asubuhi tukamfikisha Mbarara. Wakasema anahitaji kuongezewa. Nikakunja shati. Nilikuwa na nguvu siku hizo, mishipa imejaa kama kamba za ng'ombe, nikasema chukueni hata zote. Ndipo yule mwanamke wa Kakiika alipoanza kunieleza hayo niliyokuandikia. Sikumwamini. Nilimpigia kelele kwamba damu ni damu, mimi ni O kama yeye, si mmesema O? Hakukasirika. Alichukua damu yangu kidogo, akaichanganya kwenye kichupa na yale maji ya damu ya mama yako, akaipasha joto, akatia dawa yake, akaizungusha kwenye mashine. Akakileta kichupa dirishani kwenye mwanga.

"Angalia," akasema.

Damu yangu ilikuwa imeshikana mabonge madogo madogo. Alikitikisa, na mabonge hayakuachana.

"Hii ni ndani ya kichupa. Unataka nifanye hii ndani ya bibi yako?"

Benki ya damu ilikuwa imetoa mfuko mmoja wa O negatif, na ule mmoja alikwisha kuongezewa. Usije ukafikiri walimwacha. Niliwaona wakipiga simu, niliwaona wakitafuta kila fasi, lakini watu wa damu hiyo huku kwetu ni wachache mno. Pasta wetu akaleta wanaume kumi na mmoja kwa lori, wengine ni waume wa wale wamama wa maombi. Wote walipimwa na wote walikuwa pozitif. Walitoa damu yao hata hivyo, ikaenda kuwasaidia wagonjwa wa watu wengine, wakatoka wameshika pamba mikononi wananitazama mimi, nikawaambia aksanti.

Nikakukumbuka wewe. Ulikuwa umeketi kwenye ngazi ukihesabu njiwa. Yule mwanamke alipotoka na majibu yako alikuwa na uso mbaya. "Huyu mutoto ni kama mama yake," akasema. Nikasema, toeni. Akasema, "Ssebo, huyu ni miaka kumi. Hapana." Nikapiga magoti pale kwenye korido, watu wanapita. Akaniambia nisimame. Nilipokataa kusimama, yeye akaketi chini karibu yangu, na koti lake jeupe, akasema, "Mimi pia niko mama. Hapana."

Fikiri hapo nilipokuwa. Damu iliyojaa mikononi mwangu ingemuua, na iliyomfaa ilikuwa kwako, kwenye mwili mdogo ambao hata nguo ya shule iliupwaya. Tulikaa pale chini. Sikuweza kufanya kitu, sikuweza hata kulia vizuri. Waliniruhusu kuingia jioni, na mama yako akaniuliza kitu kimoja tu, kama wewe umekula. Alikufa kesho yake saa tatu asubuhi.

Hayo ndiyo niliyoyafunika kwa malaria.

Nakuomba jambo moja juu ya Amani. Damu yake ndiyo iliyoonekana kwanza na mwili wa mama yako, lakini yeye hana kosa, alizaliwa tu. Nitamwambia mwenyewe akishamaliza mtihani. Akikupigia simu analia, usimwache peke yake na wazo hilo.

Sasa nakuja kwako.

Mwaka jana mimba yako ilipotoka, ya miezi minne, nilikuja kukaa nawe. Unakumbuka nilivyokupikia uji, nikatia sukari mpaka ukauliza kama nimefumba macho. Siku ya kwanza nilijiambia, nitamwambia jioni. Jioni Bahati alikuwepo. Siku ya pili nilijiambia, asubuhi akiamka. Uliamka unalia, nikaona si wakati wake. Siku ya tatu niliosha sufuria zako zote, hata zilizokuwa safi, nawe ukanitazama kitandani ukasema, "Baba, siku hizi umekuwa mupole." Nikatoka nje. Jua likazama, siku tatu zikaisha, na wewe hukuchomwa kitu. Kliniki walikusafisha, wakakupa vidonge, na kundi la damu yako hakuna aliyelijua isipokuwa mimi.

Ningesema sentensi moja tu. Lakini ungeniuliza, umejuaje? Na nikikujibu hilo, ungeuliza la pili, na la tatu, mpaka tungefika kwenye lile lori. Niliogopa uso wako. Mara ya kwanza nilikuwa mjinga mwenye haraka, watu wanaweza kunisamehe. Hii ya pili nilikuwa najua kila kitu.

Walipokutoa damu kwa ajili ya safari, nilifurahi kama mwizi aliyesikia jirani amekamatwa. Nikasema wataligundua wao, mimi nitapona. Majibu yakaja: huna ugonjwa. Bila shaka huna, wao walitafuta magonjwa, na kukosa alama si ugonjwa. Nilikaa siku mbili sinyoi mtu.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Kama Bahati naye ni negatif, hakuna neno. Lakini wengi ni pozitif, na yeye labda ni mmoja wao. Kama ni pozitif, mtoto aliyetoka huenda alikuwa na alama na huenda hakuwa nayo. Kama alikuwa nayo, huenda mwili wako ulijifunza, na huenda haukupata muda wa kujifunza. Huyu uliye naye sasa, vilevile, sijui. Nimezigeuza huenda hizi kichwani kama mtu anayetafuta funguo kwenye mifuko ile ile. Miaka kumi na moja nimekuwa na neno ambalo lingekusaidia, na leo nalitoa likiwa limechelewa kiasi ambacho hata sijui.

Nilirudi kwa yule mwanamke wa maabara mara mbili baada ya msiba, yeye ndiye aliyenisomesha. Alisema kuna hospitali kubwa ambako wanapima kingamwili za mama mara kwa mara wakati wa mimba, na zikiwa nyingi wanaweza kumwongezea mtoto damu angali tumboni. Tumboni, Riziki! Nilidhani ananifariji. Aliapa ni kweli. Na kama mwili wako haujajifunza, sindano ile bado inakufaa, katikati ya mimba na baada ya kuzaa. Huko mnakokwenda nadhani wanayajua haya kupita sisi. Labda watakupima bila kuambiwa. Lakini mimi nimekwisha kutegemea labda mara nyingi, na unaona.

Kwa hiyo nimeandika karatasi ya peke yake, ya mwisho, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa changu kibaya. Inasema: mimi ni O negatif. Mama yangu alikuwa na kingamwili dhidi ya D na alipoteza watoto. Mimba yangu ya kwanza ilitoka na miezi minne na sikuchomwa sindano. Mnipime kingamwili sasa, mumpime na mume wangu. Na chini yake nimekuandikia wewe: munganga akikuuliza swali lolote, mjibu ukweli, hata kama unaaibisha nyumba yetu. Ukiwa hujui, sema hujui. Na akikuambia ngoja, ngoja, hata kama watu wote wanahesabiwa siku hiyo.

Hiyo sentensi ya kungoja nimeiandika mara mbili nikaifuta, nikaona nani mimi wa kukufundisha kungoja. Nimeiacha.

Ngoma imenyamaza kanisani. Mnaagana sasa. Nilikuwa nimekusudia kuikunja barua hii niifiche katikati ya vitenge vyako ndani ya sanduku, uikute umekwisha kufika, bahari imekaa kati yetu, mimi nisiuone uso wako. Tangu asubuhi huo ndio ulikuwa mpango wangu, na niliuita kukuonea huruma. Lakini wewe huna haraka na kufungua masanduku. Ungekaa juma, ungekaa mwezi, mtoto anakua ndani, na mimi niko huku nanyoa watu na kupiga domo.

Nakusikia njiani, unamtania Amani juu ya ndevu zake tatu. Unacheka kwa nguvu. Mungu wangu, sijui nitakaaje na nyumba isiyo na kicheko hicho, na sijui kama dakika kumi zijazo utanicheka tena.

Nitakupa mkononi. Nitakuambia, keti, soma yote, usiruke. Mimi nitakaa hapa mbele yako mpaka umalize. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani wasikie. Ukitaka kutoka bila kuniaga na kesho usinipe hata mkono pale kwenye basi, nitasimama mbali nisikusumbue. Ila ile karatasi ya mwisho ishike, uiweke mwilini mwako, usiitie kwenye sanduku. Hizi nyingine zote unaweza kuzichana.

Baba yako